Mwaka Ngoma Ilipokosa Waitikiaji

Habari ya kifo cha Mize ilinifikia chuoni ninakofundisha, kwa mdomo wa mwanafunzi wangu mmoja wa Kipemba aliyekuja kuniomba ruhusa ya kwenda mazikoni. Nilimuuliza, kama tuulizavyo sote, marehemu ni nani yake. Akanijibu kuwa ni bibi yake mzaa mama, kwao Makoongwe, na kwamba jina lake huenda silijui, kwani hakuwa mtu wa kujulikana. Alipolitaja nilimpa ruhusa, nikafunga mlango, nikakaa nimeweka mikono juu ya meza bila ya kufanya lolote mpaka ikaadhiniwa adhuhuri. Mize hakuwa ndugu yangu. Mazungumzo yetu, hata nikiyakusanya yote, hayajazi ukurasa mmoja. Lakini upo mwaka wa ujana wangu ambao nilikaa Wawi, kisiwani Pemba, nikimtazama dada yangu Zuwena akififia kama koroboi inayokaukiwa mafuta, na katika mwaka huo hapakuwa na mtu niliyemngojea kama nilivyomngojea mwanamke huyo, aliyekuwa akiishi nyuma ya uwa wetu wa makuti na ambaye kwa muda mrefu hakuja.

Ilikuwa miaka ya siasa, kabla ya uhuru na kabla ya Mapinduzi. Nilikuwa nimemaliza skuli nikisubiri jibu la kwenda Unguja kusomea ualimu, na mama akaona kusubiri si kazi. “Nenda Wawi ukakae na dada yako,” aliniambia. “Mwenzako hali.” Nilidhani ana maana ya chakula tu. Nilipoingia katika chumba cha Zuwena nilielewa kwamba mama alikuwa amechagua neno dogo kabisa aliloliweza. Mtoto wake wa kiume alikuwa amefariki kabla hajatimiza siku arubaini. Zuwena hakulia siku ile, na hakulia baada yake. Alikaa chini, mgongo kwenye kiambaza, baina ya mlango na mtungi wa maji, amejitanda leso nyeupe ambayo mtu alimtwisha siku ya maziko na ambayo hakuna aliyethubutu kumvua. Samadari ilikuwa imetandikwa vizuri, haikulaliwa. Kila asubuhi nilimpelekea uji wa pilipili manga, ule wapewao wazazi waliotoka kujifungua, naye alisema, “Weka hapo.” Adhuhuri niliuondoa ukiwa umeganda utando juu yake. Nilipomuuliza anataka nini, alinitazama kwa adabu, kama mtu anayemtazama mgeni asiyejua lugha, kisha akarudisha macho yake kwenye sakafu.

Leo ninalijua jina la hali ile. Nilifundishwa chuoni, Bara, na mhadhiri aliyeliandika ubaoni kwa chaki ya rangi, na wenzangu wakalinakili huku mimi nimeshika kalamu bila ya kuandika. Sina ugomvi na jina hilo. Lakini jina halikuwapo Wawi mwaka ule, na kama lingekuwapo sijui lingeingia kupitia mlango gani. Waliokuwapo ni wanawake walioketi uwani wakichambua mchele, wakisema kwa sauti ambayo mgonjwa aweza kuisikia bila ya kuambiwa kwamba inamhusu. “Ana mtu yule,” alisema mmoja, na sote tulijua kuwa mtu huyo si mtu, ni sheitani. “Ana mtu, tena mtu mzima.” “Na akae basi alipe kodi,” alisema mwengine, wakacheka, kisha wakaona aibu, wakapepeta mchele kwa nguvu.

Tulijaribu yote kwa utaratibu wake, mimi na mama, ambaye naye alikuwa amenifuata Wawi. Shemeji yangu Faki, mume wa Zuwena, alikuwa mwanamume mpole mwenye sauti nene, katibu wa tawi la chama chake hapo mtaani. Ndiye aliyempeleka hospitali ya Chake Chake, wakarudi na vidonge vyekundu vya kuongeza damu. Kisha akaja maalim, akaandika aya kwa zafarani katika sahani nyeupe, akaziosha kwa maji ya marashi, na Zuwena akalinywa kombe lile lote bila ya kusita, jambo lililotupa matumaini mpaka tulipogundua kuwa angekunywa chochote alichotiwa mkononi, ili mradi tumwache. Kisha mafusho: kivumbasi, mrehani na majani ya mkwamba, yakichemshwa katika chungu kilichofunikwa kwa jani la mgomba. Kazi yangu ilikuwa kumfunika shuka na kuzishika ncha zake ili mvuke usitoke. Faki ndiye aliyechochea moto. Alikataa kumwachia mtu. Ndani ya shuka dada yangu hakupiga chafya wala hakuguna. Siku moja tu nilimsikia akisema, taratibu, “Joto,” na nikatoka mbio kumwambia mama kwamba Zuwena kasema neno. Mama aliacha alichokishika, akaketi juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akalia kwa furaha ya neno moja. Ndiyo hali tuliyofikia.

Maalim alipokuja mara ya mwisho alimkuta mama anachuma majani ya mnukauvundo nyuma ya nyumba, akajua yanakokwenda. “Dua ni dua, na dawa ni dawa, Bi Mkubwa,” alimwambia. “Lakini hiyo ngoma mnayoinong’ona ni mambo ya kikafiri. Msinitie humo.”

“Maalim,” alisema mama, “miye Muislamu tangu tumboni mwa mama yangu. Swala sijaacha, na funga sijaacha. Lakini mwanangu anakufa amekaa kitako.”

Maalim alimpa mgongo. “Basi mimi sijasikia kitu,” alisema, akaenda zake.

Ndipo akaitwa Bi Mwanakombo, fundi wa kupunga sheitani, ambaye zamani, Zuwena na Mize walipokuwa wasichana wadogo walioletwa Wawi kama maharusi, wenye homa isiyojulikana, aliwatibu wote wawili pamoja chini ya shuka moja. Kwa hesabu ya waganga, sheitani zao walikuwa ndugu: ngoma ya mmoja ilikuwa ngoma ya wote wawili. Aliingia na pakacha lake la majani, shavu limejaa tambuu, akamtazama dada yangu kutoka mlangoni. “Nani kamvika mtoto sanda na hali yu hai?” aliuliza. Akaivua ile leso nyeupe yeye mwenyewe, akaikunja, akaikalia. Kisha akamnusa Zuwena utosini kama mama anavyomnusa mtoto mchanga, akamwambia Faki, “Huyu hataki mafusho, baba. Mmempika mpaka kawiva. Huyu ataka ngoma, na ngoma yataka watu.”

Na watu ndio waliokuwa hawapo. Asiyeijua miaka ile hawezi kufahamu jinsi siasa ilivyoingia mpaka katika sufuria. Waliokunywa kisima kimoja walichimba viwili. Harusi zilifungwa zikahudhuriwa na nusu ya jamaa. Maiti walichukuliwa na nusu ya majirani. Jiko letu na la Mize yalipeana migongo, uwa wa makuti ndio uliotugawa. Na kabla ya hapo, nilivyosimuliwa, hapakupikwa kitu upande huu kisionjwe upande wa pili. Mumewe Hamad alikuwa wa chama kingine. Mtoto wa Zuwena alipofariki, Hamad alimwambia mkewe kwamba akiukanyaga msiba ule asirudi. Mize hakuja. Tulimsikia akikohoa, akitwanga, akimtuma mtoto dukani. Moshi wake ulipita juu ya vichwa vyetu. Lakini pole haikuja, na Zuwena, ambaye wakati wa maziko alikuwa ameketi uso wake umeelekea kwenye uwa, aliugeuza uso huo kwenye kiambaza na hakuugeuza tena.

Ngoma ya kwanza ilikuwa kosa, na lilikuwa kosa la aibu. Faki aliikubali kwa masharti: mlango ufungwe, ngoma isipigwe bali ligongwe sinia tu, na wasialikwe isipokuwa wanawake wa chama chake, asije mtu akasema katibu kamwingiza adui nyumbani. Sasa, Mungu hugawa vipaji apendavyo, na hapo mtaani waimbaji wote wa ngoma walikuwa upande wa pili. Sisi tulibakiwa na wake wa wajumbe. Hawakuzijua nyimbo, mmoja alianza, wa pili akampotosha, wa tatu akaitikia kitu cha harusi. Bi Mwanakombo aliwasikiliza mpaka akachoka. “Jamani,” alisema, “sheitani gani atakuja kwa sauti hizi? Hata kuku wa kideri hufa kwa mlio mzuri zaidi.” Wakanuna. Akamgeukia Faki: “Na weye, sheitani haitwi kwa kunong’onezwa kama mtu unayemkopa.” Moshi wa ubani ulijaa chumba kizima bila ya pa kutokea, tukakohoa sote. Zuwena alikaa katikati yetu kama mtu anayengoja mvua ipite. Tulipomaliza aliinuka, akarudi mahali pake baina ya mlango na mtungi.

Baada ya hapo Zuwena alizidiwa. Mifupa ya mabega yake ilionekana juu ya kanga. Jioni moja nilikuwa namsuka nywele, zikinitoka mkononi vishungi vishungi, naye akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayeulizia bei ya samaki, “Moza, kisima chetu kina kina gani siku hizi?” Nilimjibu kuwa sijui. Niliendelea kusuka kwa sababu niliogopa kwamba nikiacha atajua kuwa nimeelewa. Kisha nilikwenda kwa mama aliyekuwa jikoni, nikamwambia. Mama hakulia safari hii. Alimwita Faki, akamwambia mbele yangu, “Mwanangu miye sikumwozesha chama. Ngoma itapigwa uwani, mlango wazi, tena mchana, na ukinikataza nitaipigia njiani.” Faki alifunika uso wake kwa viganja. Alisema, “Pigeni, mama. Pigeni.” Usiku huo mama alilala mlangoni mwa chumba cha Zuwena, amejinyoosha kizingitini, ili asiweze mtu kutoka bila ya kumkanyaga.

Ilipigwa baada ya alasiri. Mikeka ilitandikwa mbele ya jiko, chetezo kikawashwa, na mpiga ngoma, mzee mmoja aliyeletwa na Bi Mwanakombo, akaipasha ngoma yake kwenye moto wa makumbi ya nazi. Wajumbe wa tawi walikuja kuketi barazani kwa mbele, wakijifanya wanazungumzia mambo yao. Wanawake tulikuwa wachache. Bi Mwanakombo aliimba karibu peke yake, na sisi tukaitikia kwa kadiri ya uwezo wetu. Muda mrefu hapakuwa na kitu. Kisha nikaona vidole vya miguu ya Zuwena vinakwenda na ngoma. Kichwa kikafuata, kisha mabega, kisha akapiga ukelele ambao sikujua kwamba mwili ule mdogo bado una nafasi ya kuuhifadhi. Fundi akampa salamu, akaitikiwa kwa sauti nzito yenye mkwaruzo.

“Wataka nini, mgeni wetu?” aliuliza fundi. “Tumekuweka sana. Sema, tusikie.”

“Nataka kula.”

Mama akainuka mbio kwenda kuchukua uji.

“Si cha humu,” ilisema sauti ile. “Nataka kula kwa mkono wa Mize.”

Mama alirudi na bakuli la uji, akaliweka chini. Sheitani, kwa desturi, huomba pete, huomba kitambaa, huomba mbuzi mwenye rangi fulani; na watu wa nyumba hupatana naye kama sokoni. Faki alipatana. Alisogea, akapiga magoti, akaahidi pete ya fedha. Sauti ikacheka. Akaahidi mbuzi. “Mbuzi mle wenyewe,” aliambiwa. Faki akamgeukia fundi, jasho linamtiririka. “Sheitani gani huyu anayejua siasa?”

“Hajui siasa, baba,” alisema Bi Mwanakombo. “Ndiyo maana anaomba.”

Mama alikwenda kwenye uwa, akauweka mdomo kwenye makuti. “Mize! Mwanangu Mize! Njoo umwone shoga yako!” Upande wa pili kinu kilikuwa kimenyamaza tangu ngoma ilipoanza. Aliyejibu ni Hamad: “Hapa hapana Mize wa watu hao.” Nilimtazama dada yangu. Kichwa chake kilikuwa kimeanza kuinama, mkono umelegea juu ya mkeka, na nilijua, kwa yakini ambayo sijawahi kuwa nayo tena katika jambo lolote, kwamba akirudi kwenye kiambaza kile safari hii hatutamtoa.

Bi Mwanakombo alimwambia mpiga ngoma ageuke. Mzee akaigeuza ngoma, uso wake ukaelekea kwenye uwa, akapiga. Alipiga mpaka kuku wakakimbia. Na ghafla ukasikika ukelele upande wa pili, kishindo, sufuria ikipinduka, kisha makuti yakapasuka na Mize akatokea kupitia tundu, kanga imemwanguka kichwani, macho yamefumba, mikono imejaa unga. Hamad alikuwa nyuma yake, akasimama penye tundu kama aliyefika ukingo wa bahari. “Asiguswe!” alipiga kelele fundi, “asiguswe mtu!” kwa maana aliyepandwa hazuiwi njia, na anayemzuia hujiletea yake. Wala haachwi bila ya waitikiaji. Kwa hiyo, kwa desturi hiyohiyo, majirani wa kike wa upande wa pili wakamfuata mwenzao, mmoja mmoja, wakijibana kwenye tundu lile, wakaketi kwenye mikeka yetu bila ya kututazama, wakaanza kuitikia. Nyimbo walizijua. Sijawahi kusikia kitu kama kile. Barazani wajumbe walisimama wote. Hakuna aliyeondoka, na hakuna aliyeingia.

Mize alipiga magoti mbele ya Zuwena, na wale wawili wakaamkiana kwa maneno ambayo mimi sikuyafahamu. Kisha akavuta bakuli la uji uliolala, akauchota kwa vidole vyake vyenye unga, akamlisha. Zuwena alimeza. Akamlisha tena. Na kwa sauti ya mkwaruzo kama ile ya Zuwena, ambayo katikati ya maneno ilianza kukatika, Mize alisema, “Nilikuwa nikimsikia akilia. Kwenye uwa. Alikuwa na sauti nzuri, mwanao.”

Hapo ndipo Zuwena alipolia, kilio cha msiba uliochelewa. Wanawake wa pande zote mbili walilia naye.

Nimeulizwa na wasomi wenzangu, kila ninapolisimulia hili, ikiwa Mize alipandwa kweli. Sijui. Ninachojua ni kwamba alipozinduka aliomba maji, akatazama huku na huku kama mtu asiyejua alipo, akajifunika kanga, akarudi kwao kupitia tundu bila ya kuaga. Kesho yake nilikutana naye kisimani nikamwamkia, naye akapita kama hakunisikia. Katika wiki zilizofuata Bi Mwanakombo alirudi mara kwa mara, na kila ngoma ilipolia Mize alikuja, akalisha, akasuka, akashika mkono; na kila iliponyamaza wakawa tena watu wasiojuana. Zuwena alikula siku ya ngoma na siku moja au mbili baada yake, kisha akaanza kuzama, akiulizia lini fundi atakuja. Niliona kuwa tumempata nusu tu. Tulikuwa tumempa mahali pa kuwa hai, lakini mahali penyewe palikuwa pa sheitani, si pake, na palifunguliwa kwa ngoma tu.

Hayakudumu. Hamad aliuziba uwa kwa mbao. Faki aliitwa tawini, akarudi uso umemshuka, na sauti yake nene haikutoka sawasawa alipomwambia mama, “Mchukueni akapumue kwenu Tibirinzi. Talaka sitoi. Mpaka mambo haya yapoe.” Mambo hayakupoa, kama tujuavyo sote, yalikuwa bado hayajaanza kuwaka. Alilifunga godoro la mkewe mwenyewe, akiivuta kamba kwa goti, akilia bila ya kujificha, na mimi ambaye nilikuwa nimejitayarisha kumchukia nilikosa pa kuanzia.

Tuliondoka asubuhi, mama mbele, mimi na godoro kichwani, Zuwena baina yetu. Alitembea kama mtu aliyetoka kitandani jana. Niliogopa njia nzima iliyokuwa mbele yetu: Tibirinzi hapakuwa na Bi Mwanakombo, wala uwa, wala mtu wa upande wa pili. Njia ilipita mbele ya nyumba ya Mize. Alikuwa nje anafagia, Hamad ameketi mlangoni na kikombe cha kahawa. Mama alikaza mwendo. Zuwena akasimama.

“Shoga,” alisema. “Miye n’nakwenda kwetu.”

Mize hakuinua uso. Alifagia palepale alipokwisha pafagia. Hakukuwa na ubani, hakukuwa na mtu wa kupiga chochote. Jua lilikuwa limeshatoka na kila mtu alikuwa na akili zake.

“Mize,” alisema Hamad. “Ndani.”

Aliuegemeza ufagio kwenye ukuta. Akaja mpaka njiani, macho wazi, mumewe akimtazama, akaushika mkono wa dada yangu kwa mikono yake miwili.

“Pole na mwanao, Zuwena,” alisema, na ilikuwa sauti ya kawaida ya mwanamke wa Makoongwe, nyembamba kidogo, inayotetemeka.

Mtu akipewa pole hujibu kuwa ameshapoa. Ndivyo tulivyofunzwa sote, na ndivyo dada yangu alivyowajibu wote waliokuja mazikoni.

“Sijapoa, Mize,” alisema. “Bado sijapoa.”

Hamad aliita tena, kwa ukali zaidi. Mize alikuwa bado ameushika mkono.